Mitupa ya Uzi Mwekundu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumanne ya tarehe 14 Oktoba, mitupa arobaini na mmoja katika shamba la Marlène ilikuwa imebaki fito. Aliihesabu mara mbili, kwa sababu kwake hesabu ya mara moja haikuwa hesabu. Alipomaliza mara ya pili ilikuwa saa moja kasoro dakika mbili, na mwanga ulikuwa umetosha kuona kwamba hakukosea.

Mtupa si mmea wa ajabu. Hukua ukampita mtu kimo. Majani yake madogo hupangika mawili mawili kwenye kikonyo, laini kwa vinyweleo, na maua yake hufanana na ya maharage, ila ni makubwa zaidi, ya zambarau au meupe. Wakonzo wa upande huu wa mto Lhubiriha, Uganda, na Wanande wa ng'ambo, Kongo, huupanda kwenye mipaka ya mashamba ili fuko wasile mihogo. Majani yakisagwa huchanganywa na maharage ghalani, fukusi wasiyatoboe. Yakilowekwa kwenye maji ya sabuni, huoshewa mbuzi wenye kupe. Na zamani, kabla sheria haijakataza, yalipondwa yakamwagwa mtoni, samaki wakalewa, wakaelea, wakaokotwa kwa mikono.

Marlène alikuwa mtaalamu wa kilimo Butembo kwa miaka kumi na tisa, hadi alipovuka mpaka na binti yake Benedicte na mdogo wake Nzanzu, akapangishwa nusu eka juu ya mto, karibu na Bwera. Alijua jambo ambalo majirani zake hawakulijua. Mitupa miwili yaweza kufanana kwa kila kitu kinachoonekana kwa macho, mmoja ukawa na sumu na mwingine usiwe nayo kabisa. Rangi ya ua haisemi kitu. Ndiyo maana mkulima mmoja wa Bwera alisifu mtupa, na jirani yake, aliyepanda mbegu za mti mwingine, akafungua gunia mwezi wa tatu akakuta maharage yamekuwa vumbi.

Kwa hiyo aliupima kila mti peke yake. Beseni la lita ishirini, konzi moja ya majani ya mti mmoja, vifaranga wawili wa ngege walioletwa hai ndani ya jerikeni na Siraj, mchuuzi wa samaki, na saa. Mti ulioangusha samaki chini ya dakika kumi aliufunga uzi mwekundu, na kwenye uzi kipande cha plastiki kilichoandikwa dakika zake. Ulioangusha chini ya saa moja, uzi wa buluu. Usioangusha kitu, uzi mweupe. Huo ulifaa kuni. Katika miti mia tatu na kumi na miwili, myekundu ilikuwa arobaini na mmoja, nayo ilitawanyika shamba zima. Hiyo ndiyo iliyochumwa. Ya buluu na myeupe haikupungua hata jani.

Mbuzi hali mtupa. Mwizi wa kawaida angeanza na miti ya kando ya njia. Aliyekuja hapa alisoma nyuzi.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Kwenye kila mti, vikonyo vitatu vya juu kabisa vilikuwa vimeachwa, vizima, pamoja na kilele. Ndivyo Marlène alivyofundisha, ili mti uchipue tena. Alikuwa amewafundisha watu wawili tu.

Benedicte alikuwa jikoni anawasha sigiri.

"Mujomba yako iko wapi?"

"Hakulala hapa, Mama. Jana ulipokuwa Kasese mambo ya makaratasi, alisema anaenda Kahendero kuchukua nguo zake."

"Alibeba nini?"

"Kiroba."

"Kiroba ya kuchukulia nguo, ilikuwa tupu?"

Benedicte aliacha kupepea sigiri. "Ilikuwa imejaa," alisema. "Na kile kinu kidogo, hakiko."

Nzanzu alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Butembo aliuza vitenge. Uganda hakuuza kitu. Februari alikwenda Kahendero, kwenye Ziwa George, akapata kazi ya baharia kwenye mtumbwi wa watu. Septemba askari wa ziwa waliukamata: macho ya nyavu yalikuwa madogo na kibali hakikuwapo. Walichoma nyavu na mtumbwi mahali pamoja, wakamwambia yeye na mwenzake Jonan wawe na shukrani kwamba hawakuchomwa wao. Akarudi Bwera. Kazi aliyopata kwa dada yake ilikuwa moja: kushika saa.

Aliifanya vizuri. Alichuchumaa kando ya beseni, simu mkononi, na kila samaki alimpa cheo.

"Yaya, Préfet amelala!" alikuwa akimwita dada yake. "Dakika saba. Commandant iko bado anakaza roho."

"Andika saba, ungoje wa pili."

"Utangoja sana. Huyu Commandant ni mutu ya Beni, hawezi kufa mbio."

Ilipofika tisa, Commandant naye aligeuza tumbo. Nzanzu aliandika 9 kwenye plastiki kwa mwandiko aliouiga kwa dada yake, akaufunga uzi. Mti ule haukuwa wenye nguvu zaidi miongoni mwa myekundu, lakini tisa ikawa namba aliyopenda kuitaja. Baker, mwenye lori na jirani yao, akipita njiani na kuwakuta wameinamia beseni, humwita Nzanzu mvuvi wa beseni. Watu walicheka. Nzanzu naye alicheka, siku za mwanzo.

Marlène alimpigia simu mara nne kabla ya kuvaa viatu. Haikupatikana.

Alipiga hesabu huku anafunga kitambaa kichwani. Majani yamechumwa Jumatatu mchana. Yakinyauka hupoteza nguvu, na Nzanzu alilijua hilo, kwa hiyo angeyaponda usiku ule ule. Na mtu hamwagi utupa, yaani majani hayo yaliyopondwa, gizani, maana hawezi kuona samaki wanaelea wapi. Angengoja mwanga wa kwanza. Mwanga wa kwanza ulikuwa umekwisha kupita. Kilichobaki kuokolewa hakikuwa samaki wala sheria. Ilikuwa kumtoa Nzanzu ziwani kabla askari hawajamkuta, kwa sababu mkimbizi anayekamatwa mara ya pili haonywi.

Lori la Baker lilikuwa linapasha injini, likielekea Hima kupakia saruji.

"Mama Bene! Leo wewe pia unakwenda kubeba saruji?"

"Nishushe Muhokya, kwenye njia ya Kahendero."

"Kahendero? Samaki iko hapa sokoni, unafuata nini kule?"

"Nafuata Nzanzu."

"Mvuvi wa beseni!" Baker alicheka mpaka akakohoa. "Kwani amepata beseni kubwa?"

"Amebeba utupa kiroba muzima, Baker."

Baker alitazama barabara. Walipita Kikorongo, wakasimama nyuma ya malori mawili yaliyokuwa yanapishana kwenye kipande kibovu.

"Mimi nilikuwa nacheza tu," alisema. "Mtu hawezi kwenda ziwani kwa sababu ya maneno ya mchezo."

"Sijasema alienda kwa sababu hiyo."

"Lakini unafikiri."

"Sifikiri kitu bado. Endesha."

Alipiga simu mara saba nyingine. Alishuka Muhokya saa tatu na dakika tano, akapanda bodaboda, akafika mwalo wa wavuvi wa Kahendero saa tatu na dakika ishirini na mbili.

Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa nchi kavu. Asubuhi kavu, upepo mdogo, na hakuna hata mtumbwi mmoja majini. Chini ya vichanja vya kukaushia samaki hapakuwa na moshi. Mwanamke mmoja mnene, kanga kiunoni na nyingine kichwani, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani. Aliitwa Bushira, na kila asiyeujua mwalo ule aliulizia kwake.

"Karibu, nyabo. Leo hakuna samaki, na samaki iko mingi."

"Namna gani?"

"Tazama." Alionyesha kwa kidevu. Upande wa kushoto, ziwa liliingia kwenye mafunjo likafanya hori jembamba, na kwenye mdomo wa hori maji yalikuwa na madoa meupe. Yalikuwa matumbo ya ngege. "Imekufa bila nyavu. Afande anasema ni kemikali ya kiwanda au ya mashamba ya pamba, hajui. Amekataza mtu kuingia maji, kunywa maji, kushika samaki. Anangoja watu wa kupima watoke Kasese. Mimi nilimwambia, afande, hao wa Kasese wakifika, sisi pia tutakuwa tumeelea kwa njaa."

"Namutafuta ndugu yangu. Nzanzu."

"Yule Mkongomani wa kuchekesha? Alikuja jana jioni, alilala kwa Jonan. Asubuhi mimi sijamwona. Jonan yule pale, amelowa kama kuku, hasemi. Afande anasema Mkongomani ndiyo amemwaga kitu halafu amekimbia porini."

Jonan alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa kituo cha askari, kijana mwembamba wa Kikonzo aliyejifunika gunia. Askari mmoja alisimama hatua kumi kutoka hapo, akitazama simu yake. Marlène alichuchumaa mbele ya Jonan.

"Mimi ni dada yake Nzanzu."

"Sijui kitu, mama."

"Haujaulizwa kitu bado."

"Sijui kitu."

"Alikwambia dakika ngapi?"

Jonan aliinua kichwa. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Tisa," alisema.

Kisha hakuweza kunyamaza tena. Alisema kwa sauti ndogo, macho yakimwangalia askari. Walikuwa wameponda mpaka usiku wa manane nyuma ya nyumba. Walikwenda kwa miguu, hawana mtumbwi. Kulipoanza kupambazuka Nzanzu aliingia hori mpaka kiunoni, akamimina, akashika simu.

"Anahesabu kwa sauti, mama, kama mtu wa kutangaza mpira. Moja. Mbili. Tatu. Ikafika tisa, hakuna samaki. Mimi nikamwambia, Nzanzu, toka, kunakucha, viboko wanarudi kutoka majanini, hii ndiyo njia yao. Akasema hapana, dada yangu amepima, dada yangu hakosei. Akasema labda maji iko baridi, tungoje tisa nyingine. Ikaisha. Akasema tisa nyingine. Ndiyo samaki ikaanza kugeuka, moja moja, mbali, kule kwenye mafunjo. Akacheka. Akaenda kuifuata na kiroba."

"Maji ilikuwa mpaka wapi?"

"Kifua." Jonan alijipangusa pua kwa gunia. "Kiboko alikuja nyuma yangu. Mimi nilirukia kwenye mafunjo. Niliposikia kelele sikutazama. Nilikimbia. Sikutazama, mama."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Kabla ya saa moja. Jua lilikuwa bado."

Kabla ya saa moja, Marlène alikuwa anahesabu miti kwa mara ya pili. Aliliweka jambo hilo kando na kulipima: kutoka Bwera mpaka hapa ni karibu saa mbili. Hata asingehesabu hata mara moja, asingefika.

Na jambo jingine. Beseni lilikuwa la lita ishirini. Dakika tisa zilikuwa za lita ishirini. Hakuwahi kumwambia Nzanzu kwamba namba ile haitoki nje ya beseni, kwa sababu Nzanzu hakuwahi kuuliza, na kwake yeye lilikuwa jambo lisilohitaji kusemwa.

"Ulimuona amekufa?"

"Sikutazama."

"Basi haujui."

Alisimama. Mtu aliyeumwa na kiboko anaweza kushika mafunjo na kukaa saa nyingi. Hilo lilikuwa linawezekana. Lakini hakuna mtumbwi ambao ungeingia majini mpaka wapimaji wa Kasese wafike, na wapimaji wasingefika kabla ya alasiri. Afande aliamini ni kemikali. Palikuwa na watu wawili tu pale mwaloni waliojua kwamba siyo, na Jonan hakuthubutu kusema.

Afande alitoka kituoni kabla hajaitwa. Alikuwa mtu wa makamo, buti safi, uso wa mtu ambaye hajalala.

"Nani amekuruhusu kuongea na mtu wangu? Simama hapo!"

"Nimesimama, afande. Ile iko kwenye maji siyo kemikali. Ni utupa. Majani."

"Wewe umejuaje?"

"Imetoka kwenye shamba yangu, kule Bwera. Miti arobaini na moja. Aliyemwaga ni ndugu yangu, na hajakimbia. Kiboko imemupiga, na yeye iko ndani ya mafunjo. Naomba mutumbwi."

Watu walianza kusogea. Bushira alisimama kutoka kwenye ndoo yake.

"Wewe mkimbizi?"

"Ndiyo."

"Una kibali cha kupanda sumu?"

"Mutupa haina kibali, afande. Iko kwenye mpaka ya kila shamba kutoka hapa mpaka Maliba. Utaiona hata nyuma ya kituo yako."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Afande hakugeuka kutazama nyuma ya kituo.

"Kama maji ni mabaya na mimi nikatuma watu, wakifa, utanipa wewe wengine?"

"Inaua samaki, kwa sababu inaingia kwenye matamvua. Kwa mutu, kwa maji mingi namna ile, haifanyi kitu. Siku nne, tano, jua inaimaliza."

"Hayo ni maneno."

Marlène aliomba kikombe. Bushira alimpa cha plastiki, cha kijani, kilichokuwa kinaning'inia kwenye kichanja. Aliteremka mpaka mdomo wa hori, akawasukuma pembeni ngege wawili waliokufa, akachota, akanywa chote. Kisha akachota tena, akanywa nusu, na nusu iliyobaki akampelekea afande akiwa amekishika kikombe kwa mikono miwili.

Afande alikiangalia kikombe. Hakukipokea.

"Utaandika maneno hayo," alisema. "Yote. Shamba, miti, jina lako. Na utatia sahihi."

"Nitaandika. Mutumbwi kwanza."

"Andika kwanza."

Aliandika ukurasa mmoja, bila kufuta neno. Alipoanza aliandika saa, alipomaliza aliandika saa. Kati ya saa hizo mbili zilipita dakika kumi na moja. Mitumbwi miwili iliingia majini saa nne na dakika kumi na nane, Jonan akiwa mbele ya wa kwanza kuonyesha njia, askari mmoja nyuma na bunduki kwa ajili ya kiboko. Marlène hakuruhusiwa kupanda. Alikaa kwenye ndoo ya Bushira. Bushira alivua kanga ya kichwani, akamwekea mabegani.

Walimleta Nzanzu saa tano na dakika thelathini na tano. Jeraha lilikuwa moja, kutoka kwapani hadi nyonga. Alikuwa bado ameshikilia mafunjo kwa mkono wa kulia, iliwabidi kuyakata. Mkono ule ulimwambia Marlène kwamba hakufa mara moja, na kwamba baadhi ya saa zile nne na nusu alikuwa hai. Ngapi, hapakuwa na njia ya kujua.

Simu haikuonekana. Mfukoni mwa shati palikuwa na uzi mwekundu na kipande cha plastiki kilichoandikwa 9.

Baker, aliyepigiwa simu na Marlène, alifika mwaloni kutoka Hima saa tisa alasiri, lori limejaa. Alipanga mifuko ya saruji ya juu ikawa sawa kama kitanda, akatandika turubai jipya, ambalo hakuwa amelitandika tangu alinunue. Nzanzu alilazwa juu yake. Marlène alipanda nyuma, akakaa karibu na kichwa. Kabla ya kufunga nyuma ya lori Baker alisimama pale chini, mikono imejaa unga wa saruji.

"Mama Bene. Yale maneno yangu."

"Panda, Baker. Kunachelewa."

Kumpeleka Butembo hakukuwezekana. Njia ilikuwa imefungwa tangu wiki iliyopita na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Alizikwa Bwera Jumatano saa nane mchana, kwenye makaburi ya Wakatoliki. Benedicte alisoma somo. Jonan alikuwa ameachiwa, akaja, akasimama mbali kidogo na watu, gunia lile lile mabegani ingawa kulikuwa na joto.

Alhamisi saa mbili asubuhi askari sita walifika shambani na mapanga na karatasi. Karatasi ilikuwa nakala ya ile aliyoiandika yeye. Afande aliongoza mwenyewe. Alitembea kati ya mistari, akagusa uzi mmoja, akagusa mwingine.

"Yenye sumu ni ipi?"

"Yenye uzi mwekundu. Arobaini na moja."

"Na hii ya buluu?"

"Kidogo. Inafaa maharage."

"Nyeupe?"

"Haina kitu. Hata samaki haitikisi."

Afande alifikiri. Askari mmoja alikuwa tayari amenyanyua panga juu ya mti wa uzi mweupe, akamngoja.

"Mimi siwezi kuandika rangi kwenye ripoti," afande alisema. "Kata yote."

Walianzia chini wakapanda juu. Marlène alisimama kwenye kichwa cha safu, akahesabu kila mti ulipoanguka, mara moja tu, kwa sababu mti uliokatwa hauwezi kuhesabiwa tena mahali pake. Kwenye miti myekundu, vile vilele vilivyoachwa vilikuwa vimeanza kufungua maua.

Wa mia tatu na kumi na mbili ulikuwa wa uzi mweupe. Ulikatwa saa nne na dakika tano.